Rimoti moja kwa mitambo yote: Idadi ya vifaa iliyoandikwa kwenye boksi haitoshi

KATIKA sebule nyingi na vibanda vya video mjini Kitale na Bungoma, meza moja hubeba rimoti nne: ya runinga, ya king'amuzi, ya mashine ya DVD na ya mtambo wa spika. Ile ya king'amuzi ikipotea saa moja kabla ya mechi, huenda mwenye kibanda akalazimika kurudisha pesa za wateja, kwani baadhi ya ving'amuzi havina vitufe vya kutosha vya kutumika pasipo rimoti.

Rimoti ziliongezeka mezani baada ya Kenya kuzima matangazo ya analojia mwaka wa 2015. Runinga za zamani hazingeweza kunasa matangazo ya dijitali bila king'amuzi, na kila king'amuzi kilikuja na rimoti yake.

Ndipo wengi huingia dukani kutafuta rimoti moja ya kutawala mitambo yote. Boksi huandikwa kwamba inaweza kutumiwa kwa vifaa vinne, sita au vinane, na mnunuzi hulipa akiamini kwamba hesabu imekamilika. Hata hivyo, la kuchunguzwa kwanza ni idadi ya amri ambazo rimoti hiyo inaweza kuhifadhi katika kumbukumbu yake.

Rimoti za aina hii ni za namna mbili. Ya kwanza hutoka kiwandani ikiwa na orodha ya nambari za siri za kampuni mbalimbali, na mnunuzi huchagua nambari inayolingana na runinga yake. Hii ni rahisi na hufaa kwa majina makubwa kama vile Sony, Samsung na LG. Matatizo huanza inapofikia king'amuzi cha humu nchini au mtambo wa spika wenye jina lisilojulikana sana, ambao watengenezaji wa orodha hiyo hawakuwahi kuufikiria.

Ya pili ni rimoti inayojifunza. Huelekezwa uso kwa uso na rimoti asilia, kitufe kimoja baada ya kingine, nayo hunakili mpigo wa miale ya infraredi na kuuhifadhi. Fikra hii si ngeni. Steve Wozniak, mmoja wa waasisi wa kampuni ya Apple, alitoa rimoti ya namna hiyo iliyoitwa CORE mnamo 1987.

Kila amri iliyonakiliwa huchukua nafasi, na nafasi hizo hazilingani. Katika mfumo wa RC-5 uliobuniwa na kampuni ya Philips, amri moja ina biti 14, ilhali mfumo wa NEC, ambao hutumiwa na vifaa vingi kutoka bara Asia, una biti 32. Zaidi ya hayo, rimoti ya bei nafuu ambayo haitambui mfumo huhifadhi urefu wa kila mpigo jinsi ulivyo, jambo linalomeza kumbukumbu haraka zaidi. Ndiyo maana rimoti inaweza kukubali masomo ya runinga na king'amuzi, kisha ikagoma katikati ya somo la spika.

Kwa hivyo mnunuzi afanye hesabu kabla ya kuondoka nyumbani. Tuseme king'amuzi kinahitaji vitufe 30, mashine ya DVD 20, mtambo wa spika 15 na runinga 10. Jumla ni amri 75. Rimoti yenye nafasi ya amri 60 itamwacha njiani, hata kama boksi linadai kwamba inatosha vifaa vinane. Runinga haihitaji vitufe vyake vyote, maadamu stesheni hubadilishwa kwenye king'amuzi na sauti hupandishwa kwenye spika.

Kumbukumbu yenyewe nayo ina aina zake. Rimoti nyingine husahau kila kitu betri zinapotolewa, na nyingine huhifadhi masomo hata zikikaa bila betri kwa miezi. Njia ya kutambua ni kwenda dukani na rimoti asilia, kufunza kitufe kimoja, kutoa betri kwa dakika kadhaa, kuzirudisha na kujaribu tena. Mwenye duka anayekataa jaribio hilo amekwisha kumjibu mteja wake.

Ili kujua iwapo rimoti inatoa mwale wowote, ielekezwe kwenye kamera ya simu huku kitufe kikibonyezwa. Mwanga hafifu wa zambarau au mweupe utaonekana kwenye kioo. Kamera ya nyuma ya baadhi ya simu huchuja mwanga huo, hivyo ni vyema kutumia ya mbele.

Lipo pia suala la amri za mfululizo, yaani kitufe kimoja kuwasha runinga, king'amuzi na spika kwa mpigo mmoja. Hapa pana mtego ambao wauzaji hawautaji. Katika vifaa vingi, kitufe cha kuwasha ndicho hicho hicho cha kuzima. Umeme ukikatika na kurudi, king'amuzi huenda kikajiwasha chenyewe huku runinga ikibaki imelala. Mfululizo ukibonyezwa wakati huo, runinga itawaka na king'amuzi kitazimika. Mahali ambapo stima hupotea mara kwa mara, ni afadhali kila kifaa kiachiwe kitufe chake cha kuwasha, na mfululizo utumiwe tu kuchagua mlango wa picha na kiwango cha sauti.

Mwenye runinga ya kisasa anapaswa kwanza kuchunguza iwapo anahitaji kununua chochote. Kebo ya HDMI inaweza kupitisha amri kutoka runinga hadi mtambo wa spika. Huduma hiyo huitwa Anynet+ kwenye Samsung, SimpLink kwenye LG na Bravia Sync kwenye Sony, na aghalabu huwa imefichwa ndani ya mipangilio. Kwa upande mwingine, rimoti zinazotumia Bluetooth haziwezi kunakiliwa na rimoti inayojifunza kwa infraredi, hata kumbukumbu yake ingekuwa kubwa kiasi gani.

Simu kadhaa za Xiaomi zina taa ya infraredi na programu ya kuitumia, na katika nyumba ya watu wawili hilo linatosha. Katika kibanda cha video halifai, kwani mwenye simu akitoka kwenda sokoni, hutoka nayo.

Jambo la haraka zaidi ni wakati. Rimoti inayojifunza haiwezi kujifunza kutoka kwa iliyokwisha kupotea au kukanyagwa. Masomo yafanywe rimoti asilia zingali nzima, zikiwa na betri mpya, mbali na jua kali na taa za floresenti ambazo huvuruga miale. Kisha rimoti hizo asilia zitolewe betri, zisije zikavuja na kula chuma cha ndani, na zihifadhiwe pahali pakavu.