Shaba na Tangsteni: Ndoa Ngumu Inayowatoa Jasho Mainjinia wa Fyusheni

Mpelekee fundi wa welding vyuma viwili na baada ya dakika chache vimeshikana fiti. Sasa mpelekee shaba na tangsteni, ucheki venye atakuangalia.

Hiyo ndiyo kazi iko ITER, mtambo wa fyusheni unaojengwa kusini mwa Ufaransa. Ndani yake gesi itapashwa moto hadi nyuzi milioni 150. Hiyo ni mara kumi ya joto la katikati ya jua, manze! Sumaku zitazuia huo moto usiguse kuta, lakini sehemu moja ya chini, inaitwa divata, lazima ichapwe. Hapo joto ni megawati 10 kwa kila mita mraba, na saa zingine 20.

Uso wa divata ni tangsteni, ju inayeyuka kwa nyuzi 3,422. Hakuna metali ingine inafika hapo. Lakini kuvumilia pekee hakutoshi, joto lazima litolewe. Kwa hivyo kila kipande cha tangsteni kimetobolewa, na bomba la shaba linapita ndani likibeba maji.

Shida iko wapi? Kwanza, hizi mbili hazichanganyikani. Ukijaribu kuziyeyusha pamoja, shaba itageuka mvuke kabla tangsteni iyeyuke. Pili, zikipata joto, shaba inatanuka karibu mara nne kuliko tangsteni. Mmoja anavuta, mwingine amekataa kusonga. Hapo kupasuka ni rahisi.

Sasa mainjinia wameweka msuluhishi katikati. Shaba safi, ambayo ni laini, inamwagwa ikiwa imeyeyuka kwa lile tundu, ikashika tangsteni. Halafu bomba linaingizwa na kubanwa kwa joto na presha kali bila kuyeyuka. Ugomvi ukianza, hiyo shaba laini inajipinda na kuumeza.

Na si mchezo. Ufa mdogo tu kwa kiungo unazuia joto kufikia maji, tangsteni inaungua, na bomba likivuja, mtambo wote unasimama. Ndio maana sampuli zilichapwa megawati 10 mara 5,000, kisha 20 mara 300, kabla ya kukubaliwa.

Kwa hivyo msee akikuuliza umeme wa fyusheni utafika lini, mwambie kuwasha jua ni nusu ya kazi. Nusu ingine ni viungo visiachie.