Mgonjwa Msumbufu

Mwaka 1943 redio ya CBS ya Marekani ilitangaza mchezo wa nusu saa ulioandikwa na mwanamke, Lucille Fletcher, katika mfululizo wa "Suspense". Mgonjwa yu peke yake kitandani. Anapiga simu, laini zinaingiliana, anawasikia wanaume wawili wakipanga kumwua mwanamke usiku uleule. Anawaarifu mitamboni, anawaarifu polisi. Lakini anafoka mno, nao wanamwona msumbufu tu.

Agnes Moorehead aliuigiza tena miaka iliyofuata, kwa jinsi ulivyopendwa. Mfululizo ulikoma 1962, kanda zingalipo.

Niliusikiliza baada ya zamu ya usiku, nikamkumbuka bibi wa kitanda cha dirishani, aliyetuita kila mara bila sababu. Usiku mmoja nilichelewa kumwendea.