Usevya nayo ni kisiwa

Msomaji wetu wa Unguja au Pemba akiulizwa Usevya iko wapi, si ajabu akakosa jibu, wala hatumlaumu. Usevya ni kata katika nchi ya Wapimbwe, Wilaya ya Mlele, Mkoa wa Katavi, magharibi ya mbali ya nchi yetu. Atokaye Mpanda kwenda huko hupita Sitalike, akakata Hifadhi ya Taifa ya Katavi yenye viboko na nyati, kisha akateremkia bonde linaloelekea Ziwa Rukwa. Wakazi wake ni wakulima wa mahindi na mpunga, na wafugaji. Wengi wao hawajapata kuiona bahari.

Hata hivyo, leo tumeichagua Usevya iwe kielelezo cha maneno yetu. Intaneti imekwisha kuingia katika shamba, shule, zahanati na mfuko wa fedha wa kila mwananchi, hata wa yule asiyejua jina lake. Jambo kubwa namna hiyo halipimwi vizuri kutoka Dodoma, Dar es Salaam wala Mji Mkongwe. Hupimwa vizuri kutoka mahali ambapo njia ni moja.

Maana kisiwa si maji ya chumvi peke yake. Kisiwa ni mahali ambapo njia ikikatika hakuna nyingine. Sisi wa visiwani twalijua hilo bila ya kufundishwa. Mwaka 2008 umeme unaokuja Unguja kwa waya wa baharini ulikatika, tukakaa gizani karibu mwezi mzima. Desemba 2009 ukakatika tena, na haukurudi mpaka Machi 2010. Maji yalikauka mabombani kwa kuwa pampu hazikuwa na umeme, vibatari vilirudi mezani, na kila mwenye samaki wa barafu alipata hasara. Baadaye ukatandikwa waya mwingine mkubwa zaidi. Lakini funzo tulilolipata lilikuwa ghali, nalo ni hili: kitu chochote kikiwa tegemeo la maisha ya watu, kisiachwe kining'inie kwenye uzi mmoja.

Historia nayo ina neno lake. Mwaka 1879 waya wa simu ulifikishwa Unguja kutoka Aden kwa njia ya bahari, na tangu hapo habari za ulimwengu zikawa zinatufikia kwa muda mfupi. Siku hizo simu ilikuwa ni waya wa kupelekea maandishi, si chombo cha kuzungumzia. Mwaka huo huo Wabelgiji walijenga kituo Karema, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, mahali ambapo leo ni Mkoa wa Katavi. Barua iliyoandikwa Karema ilichukuliwa begani na mpagazi kupitia Tabora hadi pwani, safari ya majuma kwa majuma. Ikisha kufika Unguja, habari zake zilivuka bahari kwa haraka. Kwa hiyo, tangu zamani, lililochelewesha habari si upana wa bahari. Lililochelewesha ni uamuzi wa kwamba waya ufike wapi na ukomee wapi.

Reli nayo ilifuata desturi hiyo. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, tawi la reli lilijengwa kutoka Kaliua hadi Mpanda kwa ajili ya kubeba madini ya risasi. Mkulima wa Mpimbwe hakuwamo katika hesabu zile. Reli iliishia penye shehena.

Twapenda kusema haki. Katika miaka ya karibuni uamuzi umekuwa mwema zaidi. Mikongo ya baharini ya SEACOM na EASSy ilianza kazi mwaka 2009 na 2010, na Serikali ikajenga Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano kuifikisha huduma hiyo mikoani. Sheria ya mwaka 2006 ilianzisha Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ili minara ijengwe hata mahali ambapo kampuni za simu hazioni faida. Mei 2023 ilitiwa saini mikataba ya kujenga minara 758 katika kata 713 za vijijini. Hayo ni ya kupongezwa, nasi twayapongeza bila ya kinyongo.

Faida zake pia zaonekana kwa macho. Kabla ya mwaka 2008, kijana aliyekwenda mjini kutafuta maisha alimtumia mama yake fedha katika bahasha, akimwomba dereva wa basi aifikishe. Na bahasha nyingine hazikufika. M-Pesa ilipoanza nchini Aprili 2008, mwaka mmoja baada ya kuanza Kenya, jambo hilo lilibadilika. Mama akapokea fedha zake kwa wakala kabla ya jua kutua. Na tuangalie sababu ya kufaulu kwake. Huduma ile haikumdai mama simu kubwa. Ilikubali kitochi chake, akabonyeza nyota na reli, kazi ikaisha. Hata intaneti hakuihitaji. Waliyoitunga walimfuata mwananchi mahali alipo.

Ni hapo ndipo penye shauri letu kwa viongozi. Mifumo mingi iliyofuata, na hasa ile ya ofisi za umma, imekwenda kinyume: humwita mwananchi aje ulipo mfumo.

Tuchukue mfano wa kijana wa Usevya aliyemaliza kidato cha sita na kupata nafasi ya chuo kikuu. Mkopo wa masomo huombwa kwa intaneti. Cheti chake cha kuzaliwa huhakikiwa kwa intaneti. Ada ya maombi hulipwa kwa namba ya malipo inayotolewa na mfumo. Fomu huchapwa, hutiwa saini na mdhamini na kiongozi wa mtaa au kijiji, na mwanasheria hugonga muhuri. Kisha hupigwa picha na kurudishwa tena mtandaoni. Kijana wa mjini humaliza kazi hiyo kwa siku mbili. Kijana wa kijijini hutafuta kwanza mahali penye kompyuta na mashine ya kuchapa, halafu mwanasheria, halafu mtandao usiosuasua. Na siku ya mwisho haimngojei. Mara nyingi hana anwani ya barua pepe, basi mwenye duka la steshenari humfungulia, humtungia nywila, na kuiandika katika daftari la dukani. Tangu saa hiyo ufunguo wa maisha ya kijana umo mikononi mwa mtu mwingine, naye hajui.

Tuchukue pia mfano wa mkulima. Tangu msimu wa 2022/2023 ruzuku ya mbolea imekuwa ikitolewa kwa mfumo wa kidijitali. Mkulima huandikishwa kijijini, hupewa namba yake, na anapofika kwa wakala namba hiyo huhakikiwa katika mfumo ndipo mfuko utoke kwa bei ya ruzuku. Mpango huu umeziba mianya iliyokuwapo enzi za vocha za karatasi, na hatuna nia ya kuubeza. Lakini mtandao ukikatika saa ile, mkulima hana la kufanya isipokuwa kukaa chini ya mwembe na kungoja. Kama ametoka kitongoji cha mbali, hulala mjini kwa gharama yake au hurudi mikono mitupu. Na mvua ikisha kunyesha katika Bonde la Rukwa haimsubiri mtu. Mbolea iliyochelewa majuma mawili si mbolea tena kwa mahindi yale.

Liko na jambo la vidole. Tangu Januari 2020 laini za simu zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilianza kuzimwa. Usalama una haki yake. Lakini mzee aliyeshika mpini wa jembe kwa miaka hamsini, na mvuvi aliyevuta nyavu na kamba umri wake wote, alama za vidole vyao husuguka, na mashine huenda isizitambue. Mtu anakuwa mgeni katika nchi yake kwa sababu amefanya kazi sana.

Hayo si ya Usevya peke yake. Kijana wa Kojani anayeomba kazi ya Serikali, mama wa Tumbatu anayefuatilia cheti cha mwanawe, wote wanabisha hodi kwenye mlango ule ule mmoja. Wahenga walisema, asiyekuwapo na lake halipo. Zamani kutokuwapo kulikuwa ni kutohudhuria mkutano. Leo mtu aweza kuwapo kwa mwili wake wote, amesimama mbele ya ofisa na vyeti vyake mkononi, akaambiwa kwamba mfumo haumwoni.

Wala tusidhani kwamba mtandao hukatika vijijini tu. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika baharini karibu na Afrika Kusini, na intaneti ikadorora Tanzania na nchi jirani kwa siku kadhaa. Mwishoni mwa Oktoba 2025, wakati wa uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchini kwa siku kadhaa. Iwe kwa hitilafu au kwa amri, matokeo kwa mwananchi ni yale yale: aliyekuwa na siku ya mwisho ya kuomba kitu alibaki na siku yake mkononi. Tuliyoyaona katika umeme mwaka 2008 twaweza kuyaona tena katika kila huduma iliyohamishiwa mtandaoni bila ya kuachiwa njia ya pili.

Je, turudi nyuma kwenye mafaili na karatasi? Hasha. Nchi hii ina mfano wake yenyewe wa namna ya kuutumia utaalamu mpya. Mwaka 1973 Tanzania Bara iliendesha kampeni ya redio ya Mtu ni Afya. Redio ilikuwa ndiyo intaneti ya siku hizo, na wengi hawakuwa nayo. Viongozi hawakuridhika kusema kwamba matangazo yamekwisha kutolewa, asiyesikia shauri yake. Walifundisha viongozi wa vikundi wapatao 75,000, wakachapa vitabu vyepesi, na watu karibu milioni mbili wakakutana vikundi kwa vikundi kusikiliza, kusoma, kujadiliana, kisha kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Chombo kilikuwa redio. Kilichofikisha neno ni mtu aliyekaa na wenzake.

Ya mbele ni makubwa zaidi. Setilaiti zinazozunguka karibu na dunia zimekwisha kuanza kutoa intaneti Kenya na Rwanda tangu 2023, na huko hata nyumba iliyo mbali na mnara yaweza kuunganishwa, mradi mwenyewe amudu gharama. Mashine za akili bandia nazo zimeanza kusikia na kusema Kiswahili. Huenda siku si nyingi mkulima asiyejua kusoma akauliza kwa mdomo wake habari za viwavi katika mahindi, akajibiwa hapo hapo. Hayo yatakuwa neema iwapo kutakuwa na mtu wa kuulizwa mashine inapokosea. Bila ya mtu huyo, wenye chombo watakwenda mbele haraka zaidi, na Usevya itakuwa mbali kuliko ilivyokuwa Karema ya wapagazi.

Kwa hiyo twaomba mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji mkongo mpya.

Kwanza, kila huduma ya umma iliyo mtandaoni iwe na mlango wa pili. Ofisi ya mtendaji wa kata huko Bara, na ya sheha hapa Visiwani, iwe na kitabu cha kupokelea maombi wakati mtandao umekatika. Na tarehe iliyoandikwa katika kitabu hicho ndiyo ihesabiwe kuwa tarehe ya maombi. Mwananchi aliyefika kwa wakati asiadhibiwe kwa kosa la waya.

Pili, mifumo ishuke mpaka kwenye simu ndogo. Kama fedha zimeweza kutumwa kwa nyota na reli, basi kujua maombi yamefika wapi, kupata namba ya malipo au kuthibitisha ruzuku kwaweza pia.

Tatu, awepo mtu. Wapo vijana wengi waliosoma wasio na kazi. Afundishwe mmoja katika kila kata na kila shehia, alipwe, naye awasaidie watu bila ya kuwatoza na bila ya kushika nywila zao. Na mzee ambaye vidole vyake vimekataliwa na mashine, huyo apewe mamlaka ya kumwandikisha kwa ushahidi wa majirani.

Tunawaomba maofisa wetu, kabla hawajauzindua mfumo mwingine kwa ngoma na hotuba, wafanye jaribio moja jepesi. Wauchukue kwenda Usevya, au wapande mashua waende Kojani, wakiwa na simu ya kitochi na fedha za mkulima mfukoni, wajaribu kupata huduma hiyo wao wenyewe. Ikiwa wamepata, na uzinduliwe. Ikiwa wamekosa, warudi nao mezani; kwani walichokosa wao siku moja, mwenyeji wa huko atakikosa kila siku.