Kaizari Alipoanguka, Mfanyakazi Alipata Nini?



Wazee wetu walituachia habari za vita vya Mjerumani, vita vya 1914 mpaka 1918, na za wapagazi waliokufa kwa maelfu kwa mizigo, njaa na maradhi. Lakini jinsi Kaizari mwenyewe alivyong'olewa katika kiti chake hatukusimuliwa. Waliomng'oa ni mabaharia na wafanyakazi wa viwandani. Kwa hiyo habari hii ni yetu pia.

Kaizari Wilhelm wa Pili alitawala tangu 1888. Katika jimbo kubwa la Prussia kura zilipimwa kwa kodi, hata kura ya tajiri mmoja ikashinda kura za maskini wengi. Mwanamke hakuwa na kura kabisa. Vibarua wa mashamba makubwa walibanwa na sheria za watumishi, na wakigoma waliweza kufungwa jela.

Vita vilileta njaa. Watu wa mijini walikula mizizi ya kulishia ng'ombe. Januari 1918 wafanyakazi wa viwanda vya silaha mjini Berlin, wapatao 400,000, waligoma wakidai amani na chakula. Mgomo ukavunjwa, na wengi wakapelekwa vitani kwa adhabu.

Mwishoni mwa Oktoba, vita vikiwa vimekwisha kushindwa, wakubwa wa manowari waliamuru meli zitoke zikapigane na Waingereza. Mabaharia wakaona wanapelekwa kufa bure. Watia makaa wakauzima moto wa meli. Wahenga walisema: kutwanga nisile unga, nazuia mchi wangu.

Mamia walikamatwa. Tarehe 3 Novemba, mjini Kiel, watu waliandamana kudai wenzao wafunguliwe. Wakapigwa risasi, na watu wasiopungua saba wakafa. Kesho yake mji ulikuwa mikononi mwa mabaharia na wafanyakazi wa viwanda vya meli, nao wakachagua mabaraza yao. Moto ukaenea nchi nzima. Tarehe 9 Novemba wafanyakazi wa Berlin waliacha mashine wakajaa barabarani. Mchana huo Scheidemann, kiongozi wa chama cha Kisoshalisti, alitangaza jamhuri kutoka dirisha la bunge. Kaizari akakimbilia Uholanzi, na huko ndiko alikofia mwaka 1941.

Huku kwetu, askari na wapagazi wa Jenerali Lettow-Vorbeck walikuwa bado wanapigana kwa ajili ya bwana aliyekwisha kimbia. Walisalimu silaha Abercorn, yaani Mbala ya leo nchini Zambia, tarehe 25 Novemba.

Sasa tuulize: mfanyakazi alipata nini?

Tarehe 12 Novemba serikali mpya ilifuta sheria za watumishi na zile za kuwakandamiza vibarua wa mashamba. Kura ikawa ya kila mtu mwenye miaka 20, mwanamume na mwanamke. Tarehe 15 Novemba waajiri wakubwa walitia sahihi mkataba na vyama vya wafanyakazi: vyama vitambuliwe, mishahara iwekwe kwa mapatano, na kazi iwe ya muda wa saa nane kwa siku bila kupunguza mshahara. Miaka mingi waajiri hao walikuwa wamekataa hata kukaa meza moja na vyama.

Lakini mashamba makubwa yalibaki kwa makabaila, na jeshi likabaki kwa majenerali wale wale. Machi 1920 baadhi yao waliiteka Berlin ili kuipindua jamhuri. Lettow-Vorbeck yule yule alikuwa upande wao. Vyama viliitisha mgomo mkuu. Mamilioni wakaacha kazi, treni zikasimama, umeme ukazimika. Hazikupita siku tano, wapinduzi wakakimbia.

Baadaye vyama vilidhoofika. Pesa ilipopoteza thamani mwaka 1923, akiba zao ziliyeyuka. Desemba mwaka huo sheria mpya iliwapa waajiri mwanya wa kurudisha kazi ya saa kumi. Na tarehe 2 Mei 1933 watu wa Hitler walivamia nyumba za vyama, wakatwaa fedha na kuwafunga viongozi.

Kwetu sisi jamhuri ile haikuleta uhuru. Tanganyika ilipewa Waingereza, Rwanda na Burundi zikapewa Wabelgiji, wala hakuna aliyewauliza manamba wa mashamba.

Ndugu, kumwondoa mfalme kulichukua siku chache. Kulinda saa nane za kazi kulihitaji chama chenye nguvu kila mwaka, na chama kilipolegea, saa ziliongezwa. Mkataba wenu wa hali bora uko wapi? Nani katika tawi lenu ameusoma? Ulizeni katika mkutano ujao, na asiyejua kusoma asomewe.

Umoja ni nguvu.