Ng'ombe mwenye pembe na nyimbo za kwaya



Jumapili moja, baada ya ibada katika kijiji kimoja cha Mlimba, mkoani Morogoro, mama anayetunza fedha za kwaya alinionyesha daftari lake. Msimu uliotangulia wanakwaya walilima mpunga kwa pamoja, wakauza magunia, wakapanda treni ya TAZARA kwenda kurekodi. Studio, sare, nauli, chakula cha njiani, vyote vimeandikwa kwa kalamu ya bluu. Ukurasa wa mapato ulikuwa na mistari minne tu.

"Mchungaji, nyimbo zetu zinapigwa kila mahali," akaniambia. "Stendi zipo, kwenye bodaboda zipo, harusini zipo. Ila sisi bado tunadaiwa studio."

Nilikosa la kumjibu. Nyimbo zile zilikuwa kwenye flashi ya gari langu. Kijana mmoja wa stendi ya Ifakara alinijazia pamoja na nyingine nyingi kwa shilingi elfu mbili, naye alizipakua bure mtandaoni. Katika elfu mbili ile, hakuna hata senti moja iliyofika kwenye daftari la mama yule.

Nani basi mwenye kosa? Ni kijana aliyepakua? Ni mimi niliyenunua? Ni mwenye tovuti aliyeweka nyimbo bila ruhusa? Au ni kampuni ya simu iliyouza bando lililozipitisha?

Swali hili limefika mahakamani. Nchini Marekani, mwezi Desemba 2019, baraza la mahakama huko Virginia liliamua kwamba kampuni ya intaneti ya Cox iwalipe wenye muziki dola bilioni 1, kwa kuwa iliendelea kuwahudumia wateja iliyokwisha kuarifiwa mara nyingi kuwa wanaiba nyimbo. Mwaka 2024 mahakama ya rufaa ilikifuta kiasi hicho, na shauri likafika hadi Mahakama Kuu ya nchi hiyo.

Hapa kwetu, mwaka 2016 Mahakama ya Wilaya ya Ilala iliiamuru kampuni ya Tigo iwalipe wasanii AY na Mwana FA zaidi ya Sh bilioni 2, kwa nyimbo zao mbili kutumika kama miito ya simu bila idhini yao. Kampuni ilikata rufaa. Shauri lile lilihusu kampuni iliyodaiwa kuuza wimbo wenyewe, jambo ambalo ni tofauti na kupitisha tu mawasiliano ya wateja. Kwa anayepitisha, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 haimlazimishi mtoa huduma kuchunguza kila kinachopita kwake. Lakini anayehifadhi kazi haramu kwenye mitambo yake, akipewa amri ya kuiondoa na akaipuuza, hana tena pa kujifichia.

Tofauti hiyo imo katika Biblia muda mrefu kabla ya intaneti. Fungua Kutoka 21, kuanzia mstari wa 28. Ng'ombe akimpiga mtu pembe akafa, ng'ombe anauawa, mwenyewe anaachwa huru. Lakini kama ng'ombe yule alikuwa na tabia hiyo tangu zamani, mwenyewe akaonywa, naye asimfunge, hatia inamwangukia mwenye ng'ombe. Watu wa bonde la Kilombero, mnaojua maana ya mifugo kuingia kwenye mpunga, hamhitaji mfano mwingine. Mungu anamuuliza mwenye ng'ombe: ulijua? Na ulipojua, ulifanya nini?

Kwa kipimo hicho, sioni haki kumhukumu mtoa intaneti kwa kila wimbo ulioibwa. TAZARA haiwi mwizi kwa sababu gunia moja kati ya mengi ndani ya behewa ni la wizi. Tena tukimtisha mno mwenye njia, ataogopa na kuifunga. Laini ya nyumba moja ikikatwa kwa kosa la kijana mmoja, mtoto anakosa masomo na bibi anakosa fedha anazotumiwa na wanawe.

Lakini aliyeonywa kwa jina, kwa ushahidi, tena na tena, naye akaendelea kuhesabu faida, huyo ni mwenye ng'ombe mwenye pembe. Asiseme mimi nauza bando tu. Yakobo 5:4 inatukumbusha kwamba ujira uliozuiliwa una sauti, na kilio cha wavunaji kimefika masikioni mwa Bwana.

Sasa nirudi kwetu. Ni rahisi kuinyoshea kidole kampuni kubwa ya mjini. Lakini kijana wa stendi ana wateja, na wengi wao tunakutana nao kanisani. Tunarushiana albamu nzima kwenye makundi ya WhatsApp na kuandika chini yake "barikiwa". Tunasema wimbo ni wa Mungu, kwa hiyo ni wa bure. Mpunga nao ni wa Mungu, lakini hatuingii shambani kwa jirani na mundu. Bwana wetu alisema mtenda kazi anastahili ujira wake, na kwaya ni watenda kazi.

Zakayo hakusubiri mahakama imwite. Alisimama mwenyewe, akaahidi kurudisha mara nne. Na viongozi wa kwaya nao wafanye sehemu yao: wasajili kazi zao Ofisi ya Hakimiliki, COSOTA, na wawaambie waumini mahali halali pa kuzipata. Ni vigumu kumuonya mwenye ng'ombe kama huwezi kuonyesha shamba ni lako.

Nilirudi kwa mama yule na bahasha. Aliihesabu mbele yangu, akafungua daftari, akaandika mstari wa tano. Hakuniuliza ni za nini, ila mimi nilimwambia.

Leo ukitoka ibadani, fungua simu yako. Wewe umekwisha kuonywa.

Jumapili njema.