Karura si ya mababi peke yao: kodi baiskeli, shika mteremko

Kama umewahi kupita Limuru Road kwa matatu ukaona wasee wenye helmeti na baiskeli za matairi manene wakiingia msitu wa Karura, najua ulichosema moyoni: hao ni mababi. Hata mimi nilisema hivyo kwa miaka. Kumbe huhitaji kumiliki baiskeli. Unalipa ada ya kuingia, unakodi moja mle ndani, unavaa helmeti, mambo yanaanza.

Mara yangu ya kwanza ilikuwa mwaka ule nilioacha chuo. Karo ilikuwa imekwama na nilikuwa nashinda kwa keja nikihesabu mabati. Beshte yangu akachoka kuniona hivyo, akaniambia twende tukajichafue.

Nikajichafua kweli. Udongo mwekundu wa Karura ukinyeshewa huteleza kama sabuni, na mizizi iliyolowa ni noma zaidi. Kwenye mteremko mmoja nilikutana na mzizi, nikaogopa, nikabana breki ya mbele yote kwa mara moja. Baiskeli ilibaki, mimi nikaenda. Kiwiko kilichubuka, na beshte yangu alicheka kwanza kabla ya kuuliza kama niko hai.

Kwa hivyo wacha nikwambie nilichofaa kuambiwa mapema. Ukiteremka, usikae. Simama kwenye pedeli zikiwa usawa mmoja, magoti na viwiko uvilegeze, makalio uyarudishe nyuma kidogo. Tumia breki zote mbili polepole, na upunguze mwendo kabla ya kona, sio ukiwa ndani ya kona. Halafu macho. Ukikazia macho jiwe unaloliogopa utaligonga tu, kwa sababu baiskeli huenda unakotazama. Tazama pale unapotaka kupita. Kupanda ni rahisi kueleza, japo mapafu yatalia: badilisha gia kabla mlima haujakukaba.

Anza na zile barabara pana, vijia vyembamba vya kona kona viwe vya baadaye. Msitu una zaidi ya hekta 1,000, lakini makutano ya njia yana nambari, kwa hivyo piga picha ramani ukiingia na hutapotea. Pita kwenye mapango ambayo wapiganaji wa Mau Mau walikuwa wakijificha. Ukifika kwenye maporomoko ya maji, acha baiskeli juu ushuke kwa miguu. Na ukisikia matawi yakitikisika usishtuke, ni mbega au kima.

Sasa kuna jambo moja ambalo hunifanya nikasirike nikisikia mtu wa rika letu akisema Karura si yake. Miaka ya 1990 vipande vya msitu huu viligawiwa wajenzi binafsi. Wangari Maathai na wenzake walipokwenda kupanda miti Januari 1999, walivamiwa na kupigwa, yeye akapasuliwa kichwa. Unajua nani waliingia barabarani baada ya hapo? Wanafunzi wa vyuo vikuu. Waliandamana Nairobi hadi vyuo vikafungwa. Agosti mwaka huo huo, Rais Moi akapiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma. Mimi niliacha masomo kwa kukosa karo. Hao walifungiwa vyuo kwa sababu ya miti. Bila wao, pengine hapo unapoendesha pangekuwa na geti na mlinzi anakuuliza unamtafuta nani.

Ndiyo maana wale wanaokata njia za mkato vichakani ili wapate video safi hunikera. Alama ya tairi kwenye mteremko hugeuka mfereji mvua ikinyesha, na misimu michache baadaye ni korongo. Baki kwenye njia iliyopo. Pia kuna wanaotembea na watoto, kwa hivyo piga kengele mapema na upite taratibu. Wewe ndiye mwenye magurudumu.

Mimi nilirudi wiki iliyofuata, kiwiko kikiwa na bandeji. Ule mzizi bado uko. Siku hizi naupita nikiwa nimesimama, macho mbele.

Beba maji na nguo za kubadilisha. Makanga hatakubali ukalie kiti chake na tope lote hilo.