Una picha ya Isimila kwenye simu? Kabla hujaichora kwa pasteli, soma hapa

Wengi wanaopita Iringa husimama Isimila, kilomita 20 hivi kutoka mjini kwenye barabara ya Mbeya. Wanapiga picha nguzo ndefu za udongo zilizochongwa na maji, halafu safari inaendelea. Picha inakaa kwenye simu mpaka simu iibiwe.

Inaweza kugeuzwa mchoro wa pasteli, ila si kwa kuinakili ilivyo. Simu inadanganya.

Uongo mkubwa uko kwenye kivuli. Jua la mchana likiwa kali, kamera inafuata mwanga wa anga na korongo linatoka jeusi tii. Macho hayakuona hivyo. Kivulini kulikuwa na zambarau, kahawia, hata wekundu unaorudishwa na udongo ulio juani. Anayepaka nyeusi tupu anachora shimo, sio korongo.

Halafu ukubwa. Lenzi ya simu ni pana, kwa hiyo vya mbali vinasinyaa. Nguzo iliyomfanya mtu akunje shingo inageuka kichuguu. Dawa ni kupunguza ardhi ya mbele, kuzikuza nguzo na kuweka mtu mdogo chini yake.

Pasteli inayofaa hapa ni ile kavu, inayotoa vumbi kama chaki, sio ya mafuta wanayotumia watoto. Ina gundi kidogo sana, ndiyo maana rangi yake imeiva, na ndiyo maana inateleza kwenye karatasi ya fotokopi. Inataka karatasi yenye mikwaruzo. Kwa mazoezi, msasa laini wa seremala unatosha kabisa. Iringa mjini kuna Neema Crafts, karakana ya watu wenye ulemavu iliyoanza 2003, inayojulikana kwa karatasi za mkono, zikiwemo za kinyesi cha tembo (ndiyo, tembo). Karatasi ya namna hiyo ijaribiwe kwanza kwenye kona.

Mchoraji huanza juu, kwenye anga, kwa sababu vumbi linaanguka chini. Vilima vya mbali hupakwa bluu iliyofifia. Zinafuata rangi nzito za korongo, kisha nyepesi juu yake. Mwanga kwenye ncha za nguzo ni wa mwisho, mistari michache tu. Vumbi lisipulizwe kwa mdomo, litaishia kifuani; karatasi igongwe kwa nyuma. Na kidole kisisugue kila mahali, rangi zitakuwa tope.

Dawa ya kupuliza ya kushikiza rangi hutia giza, hivyo iwe kidogo. Kinga bora ni fremu ya kioo kisichogusa mchoro.

Kama picha ni ya mtu mwingine, mfano imetolewa mtandaoni, na mchoro ni wa kuuza, aombwe ruhusa kwanza. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda picha pia.